Robinson Alitufungia Ndani, Mimi na Jubek

Bwanangu mwenyewe alifunga mlango kwa nje, akaweka kufuli, akaenda na simu yangu!

Jameni, naitwa Viola, nimekulia Kenya, sijazoea kufungiwa kama kuku. Lakini siku hiyo, hapa Gurei, nchini kwa bwanangu, nilikuwa ndani na Jubek wetu mchanga, na kila akinyonya midomo inageuka bluu.

Jubek alizaliwa na Down syndrome. Tangu nesi aseme hivyo, Robinson hakutaka mtu amwone. Simaya, ile sherehe ya kumtoa mtoto nje watu wamwone, akaiahirisha. Majirani akawaambia naumwa. Mimi akaniambia mama yake hataki hata kumsikia mjukuu wa aina hiyo.

Nikamchukia yule mama, sitawadanganya.

Asubuhi hiyo nilisema nampeleka mtoto hospitali.

"Anachoka tu," Robinson akasema. "Hao watoto ndivyo walivyo."

Ndio akanifungia. Niliita dirishani mpaka sauti ikaisha, watu wote wako sokoni. Jubek anavuta titi kidogo, analiacha, kichwa kinatoka jasho. Niliona kabisa mtoto ananifia mikononi...

Mara nikasikia mtu mlangoni. Mama mkwe! Nikarudi kona, nimembana mtoto kifuani.

"Viola, nani nafunga wewe?"

"Ni Robinson, mama."

Akatikisa kufuli.

"Yeye naambia mimi, wewe nakataa mimi naona mtoto."

Mtu mmoja ametudanganya sote wawili!

Alikuwa amekuja na mwanaume, akamwambia avunje kufuli kwa jiwe. Mlango ulipofunguka, nilimwangalia yule mwanaume, kisha nikamwangalia mtoto. Macho yale, uso ule... ni Jubek wangu, ila mtu mzima.

"Mimi Lagu," akasema akitabasamu. "Ndugu mdogo ya Robinson."

Wasomaji, nimeolewa kwenye hiyo familia na sijawahi kusikia hilo jina! Hata siku ya harusi yetu walimwacha nyumbani.

Mama aliona midomo ya Jubek tu, akaita boda.

"Lagu pia moyo yake ilikuwa na tundu," akaniambia njiani. "Walishona Uganda, sisi wakimbizi. Huyu pia atapona."

Daktari akakuta tundu kweli. Alitueleza karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na shida ya moyo, kwa hivyo wote wapimwe mapema, na masikio, macho na tezi ya shingo pia. Akasema si laana, na mara nyingi hairithiwi.

Robinson alikuja jioni akasimama mlangoni mwa wodi.

"Nilidhani ni damu yangu mbaya. Niliogopa utaniacha."

"Mtoto ndiye nusura atuache," nikamjibu. Bado nina hasira naye, msiniulize.

Jubek yuko kwa dawa, anangoja upasuaji. Simaya tumefanya Jumamosi, na mama aliamuru Lagu ndiye amtoe mtoto nje. Robinson alishika kipaza sauti, akalia kwanza, kisha akawaambia watu wote, "Huyu ni ndugu yangu."

Wewe unayemficha wako ukisema ndivyo alivyo, mpeleke moyo upimwe. Anaweza kukua awe baba mdogo wa mtu.