Mwanakondoo wa Encarna

Kila alasiri, mji mzima ulipofunga madirisha kukwepa jua, jiko la Encarna lilinuka maziwa yaliyochacha. Nieves, binti yake aliyejifungua juzijuzi, alikwisha safisha chupa zote. Harufu haikuisha.

"Mama, kuna panya anakwaruza chini ya vigae."

Encarna alikubali kwamba ni panya. Panya gani anayekwaruza huku akilia kwa kwikwi?

Kule mlimani, yeye na wanaakiolojia wenzake walikuwa wakichimba magofu ya nyumba ya Waiberia, wenyeji wa kale wa Hispania. Watu wale walizika vichanga chini ya sakafu, karibu na meko, wasiwe mbali na mama zao. Walizika pia wanakondoo, kuibariki nyumba. Encarna alikuwa ameyaona mafuvu ya aina zote mbili maisha yake yote, na siku alipofukua fuvu dogo alijua mara moja kwamba ameshika la mtoto. Lakini mifupa ya mtu ingesimamisha kazi hadi mtaalamu aje, na msimu wa kuchimba ulikuwa ukingoni. Akawaambia wenzake ni mwanakondoo. Mmoja akatania kwamba umebaki wali tu wa kumlia. Encarna akacheka nao, akaitupa mifupa ile kwenye gunia la masalia ya wanyama.

Sasa alimwita tía Virtudes, "shangazi" wa mtaa mzima, jirani anayeagua kijicho kwa mafuta na maji. Bibi yule alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji. Yakazama.

"Ni roho ya mama," alinong'ona. "Anasema umemtukana mwanawe. Ulimwitaje? Tamka, aombwe radhi, aende zake."

Encarna alimtazama Nieves aliyesimama mlangoni na mtoto kifuani. Angemwambiaje binti yake?

"Sikumwita kitu," akasema.

Virtudes alimwaga maji, akaondoka bila kuaga.

Alasiri iliyofuata Nieves alizinduka akakuta kitanda cha mtoto kitupu, akakimbilia jikoni, Encarna nyuma yake, na huko karibu na jiko vigae vilikuwa vimepangwa pembeni vizuri, na ndani ya kishimo mtoto amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, midomo imelowa maziwa ambayo mama yake hakumnyonyesha.

"Yu hai," Nieves alilia, akimnyanyua. "Mama, yu hai!"

Encarna alipiga magoti. "Alikuwa mtoto," aliiambia sakafu. "Nilijua. Nisamehe."

Mjukuu wake akafumbua macho, akafungua kinywa, akalia kama mwanakondoo.