Kisomahofu cha Lomayani

Katika Arusha ya miaka ile, pikipiki ya porini ilijua kwamba mwendeshaji wake anaogopa kabla mwenyewe hajajua. Nyuzi ndani ya kofia zilisikiliza damu kwenye kipaji cha uso na kupeleka habari kwenye kijisanduku kilichofungwa chini ya kiti, nacho kikapunguza nguvu ya mota. Kijisanduku hicho kiliitwa kisomahofu. Vifo vikapungua mno, hata watu wakasahau kwamba mchezo ule unaua. Ndipo Lomayani akatumbukia korongoni na pikipiki yake, akafa.

Waendeshaji wa milima ya Monduli wana desturi yao. Arobaini ikishapita, pikipiki ya marehemu hufunguliwa, na kila mwenzake hupewa kipuri akifunge kwenye yake. Kipuri hakichokonolewi, hufungwa kama mikono ya mwenyewe ilivyokiacha. Eliakunda, mjane wa Lomayani na mwendeshaji pia, alipewa kisomahofu. Yeye ni mhandisi, na kukipima kusingemchukua muda. Hakukipima. Aliona ni sawa na kupekua mifuko ya maiti.

Jumamosi iliyofuata akakifunga kwenye pikipiki yake, akateremka nayo mlimani. Mepukori, kaka mkubwa wa Lomayani, alibaki juu akimwongoza kwa redio ya kofia, kama alivyokuwa akimwongoza mdogo wake siku zote.

Kwenye kona ya kwanza kokoto ziliteleza chini ya gurudumu. Eliakunda akashtuka, akangoja pikipiki ipunguze mwendo. Ikaongeza. Akabana breki, mota ikazishinda nguvu. Akazima swichi, haikusikia. Moyo ulimwenda mbio, na pikipiki nayo vivyo hivyo, mpaka akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamzidishia hofu. Lomayani alikuwa amekigeuza kile kijisanduku. Alichoshwa na pikipiki ya kumlea kama mtoto, akataka woga umpe mbio, wala hakumwambia mtu, hata mkewe. Mbele njia ilikata kushoto, na baada ya hapo lilikuwa korongo.

“Shemeji, kaza kofia,” Mepukori alisema redioni. Ndiyo sheria ya kwanza wanayofundishwa: pikipiki ikikushinda, linda kichwa. “Kaza kofia, usiogope.”

Asiogope vipi? Sasa aliogopa hata kuogopa. Alijaribu kuvuta pumzi polepole. Alijaribu sala, maneno yakampotea. Korongo lilipoanza kuonekana, aliachia mkono mmoja, akafungua mkanda wa kidevuni na kuitupa kofia vichakani.

Mota ikanyamaza. Breki zikashika, pikipiki ikalala ubavu na kumburuza kwenye majani, karibu na ukingo kiasi cha kusikia mawe yakiporomoka chini. Akalia kwa sauti bila kuona haya.

Mepukori alifika mbio, akamgombeza kabla hajampa pole. Kuvua kofia kwenye mteremko kama ule ni kujitafutia kaburi. Eliakunda alimweleza yote bila kufikiri maneno yake yanakwenda kumchoma nani: kijisanduku kilichogeuzwa, nyuzi za kofia, na jinsi mota inavyozimika ikikosa habari za hofu.

Mepukori akakaa chini mavumbini.

“Lomayani aliniambia siku ile, redioni,” alisema. “Alisema, kaka, naivua kofia. Nikamkataza. Nikamwambia aikaze.”

Akajifuta uso kwa kiganja.

“Akanitii.”