Alama ya Buluu Kwenye Nguzo

Kila asubuhi bibi Tome Hirasawa alishuka ngazi za nyumba yao akiwa amekaa, kidato kimoja kimoja. Magoti yalikuwa yamemgomea. Chizuru, mke wa mwanawe, alimsubiri chini na fimbo mkononi, roho juu.

"Usinikodolee macho hivyo," Tome alisema. "Nashuka, sianguki."

Siku hiyo akaanguka. Vidato vitatu tu, lakini Chizuru alipiga yowe mtaa mzima ukasikia. Jioni yeye na mumewe Kohei wakakata shauri: watapanga nyumba ya chini, isiyo na ngazi.

Wakapata moja karibu na mto Setagi. Ilikuwa na vyumba viwili vilivyotandikwa mikeka sakafuni na dirisha linalotazama kusini. Chizuru alifurahi mno, kwa sababu kwao jua hupita upande wa kusini, na hukausha magodoro ya kulalia sakafuni. Alichukua futi akapima kila ukuta, akapima na kabati la kuwekea magodoro mchana. Kisha dalali akawasomea karatasi za mkataba, ukurasa kwa ukurasa, akawaonyesha na ramani. Kohei aliitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho. Kumkatiza mtu anayesoma aliona ni kumsumbua. Chizuru naye akaitikia. Ikabaki kupiga muhuri wa familia tu, badala ya saini, na muhuri ulikuwa umesahaulika nyumbani.

"Kichwa chako hicho!" Kohei alimtania mkewe njiani. "Futi umebeba, muhuri umeacha."

Kesho yake wote watatu walitoka na muhuri. Jirani yao, mzee Iwase, alikuwa akifagia mlangoni kwake. Kabla ya kustaafu alifanya kazi idara ya maji miaka thelathini.

"Mnahamia wapi, jamani?"

"Kule mtoni, mzee," Chizuru alijibu. "Nyumba ya chini. Jua tele!"

Ufagio ukasimama. "Ya chini? Mtoni? Hamkuonyeshwa ramani ya mafuriko?"

"Tulionyeshwa," alisema Kohei. "Mtaa wa ile nyumba ulipakwa rangi ya chungwa. Rangi nzuri tu."

"Rangi nzuri! Uliuliza maana yake?"

"Sikutaka kumkatiza," alisema Kohei.

"Twendeni," alisema Iwase.

Mbele ya ile nyumba palikuwa na nguzo ya umeme. Chizuru alikuwa ameipita mara tatu. Iwase akanyoosha kidole juu. Palikuwa na kibao chenye mstari wa buluu.

"Soma."

"Maji ya mafuriko... yanaweza kufika hapa," Chizuru alisoma.

Mstari ulikuwa juu ya kichwa chake. Tome akainua fimbo, ncha yake ikaugusa kwa shida. Chizuru alimwona akilini mama mkwe amelala kwenye godoro sakafuni, maji yanaingia, na hawezi kukimbia.

"Nilipima kabati!" akasema. "Nimepima kabati la magodoro, mama, nisiinue macho!"

Iwase akamshika bega. "Ndiyo maana unaanza na ramani. Ofisi ya mji wanaitoa bure. Tafuta mtaa wako, uliza kila rangi ina maji ya kina gani. Halafu njoo kwa miguu utazame nguzo, uwaulize waliokaa hapa zamani. Ukimaliza, pima kabati lako."

"Lakini tulishaitikia," Kohei alinong'ona. "Tutamwambiaje dalali?"

"Nitasema mimi," alijibu Tome. "Nina miaka themanini na moja. Nani atanigombeza?"

Dalali hakumgombeza. Alitoa karatasi za nyumba nyingine, na safari hii Kohei alimkatiza kila mstari. "Hapa maji yatafika wapi? Na hapa?" Wakachagua nyumba ya ghorofa ya tatu, mlimani, yenye lifti. Dirisha lake linatazama kaskazini.

"Magodoro yatakauka polepole," Chizuru alilalamika.

"Na mimi nakauka polepole," alisema Tome. "Twende."

Mwezi wa kumi kimbunga kikaja. Iwase alikuwa amewaonya kwamba umeme ukikatika lifti husimama, kwa hiyo waliweka maji na chakula ndani mapema. Mvua ilipiga siku nzima, nao wakakaa juu, wakavu.

Maji yalipopungua, Chizuru na Tome walikwenda mtoni. Mbele ya ile nyumba mikeka ilirundikwa barabarani, myeusi kwa tope. Kwenye nguzo tope lilikuwa limeacha mstari wake. Tome akasimama karibu, akanyoosha mgongo. Mstari ulimfika puani. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Chizuru, mwanangu. Ningekuwa nimelala."

Chizuru alimkumbatia. Pembeni mwanamke kijana alikuwa amechuchumaa akiosha mabakuli. Yeye na mumewe ndio waliopanga ile nyumba; walikuwa wamekimbilia shuleni mapema, penye hifadhi ya mafuriko, wakapona, lakini vitu vyao vyote viliharibika. Chizuru akachuchumaa karibu naye, akachukua bakuli moja.

"Dada, hamkuonyeshwa ramani?"

"Tulionyeshwa," alisema yule mwanamke. "Tukaitikia tu."