Pini Iliyopinda

Rubani alikutwa bado amefungwa mkanda, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani. Ndege yake ndogo ilikuwa imechomeka pua kwenye nyasi, hatua mia mbili tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia.

Saa nne asubuhi fundi wa ndege alikuwa mahabusu. Wenye uwanja walisema kalegeza nyaya za usukani.

Inspekta, ambaye polisi wenzake walimbandika jina la Mama Kwanini, hakutosheka. Akamfuata fundi hukohuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyaya ulizikaza?"

"Nilizikaza, nikazijaribu. Mama, nikifungwa kwa kuua, wanangu watakuwa wageni wa nani?"

"Wanao baadaye. Leo asubuhi ulimwona rubani?"

"Nilimsikia. Kadi ya ukaguzi huisoma kwa sauti, hatua moja moja, anagusa kila kitu. Alipofika kwenye mafuta, dada yake akamwita ofisini. Simu. Aliporudi akawasha injini, huyo!"

"Baada ya mafuta kuna nini?"

"Kutoa ile pini inayofunga usukani ndege ikiegeshwa. Lakini ilitolewa, mama. Iko kwenye msumari wake ofisini, wote tumeiona."

Mama Kwanini naye akaenda uwanjani kuiona. Ilining'inia na utepe wake mwekundu, mahali pake hasa. Akaishusha, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya. Chuma kilikuwa kimepinda. Akajaribu kuichomeka kwenye ndege ya pili, ikagoma kuingia.

Haya, tegua: imetolewa kabla ya safari, imepindwa na nani safarini?

Hapo ndipo alipoiona tena akilini mikono ya marehemu, ikivuta usukani kwa nguvu zote, na usukani umefungwa.

Dada wa rubani, karani wa ofisi ile, alikuwa amejiinamia mezani.

"Pole, binti yangu. Nani alifika kwanza kwenye ndege?"

"Mimi. Nilikimbia na sanduku la dawa."

"Ukarudi na nini?"

Karani akaanza kupanga karatasi za mezani.

"Binti, pini haina miguu."

Karani akaitazama ile pini mkononi mwa inspekta.

"Niliichomoa mimi. Alikuwa ameshakata roho. Marubani wote hapa kawafundisha yeye kusoma kadi ile, mama. Akikatizwa mtu, aanze upya toka hatua ya kwanza; aliwapigia kelele kila siku. Ningeacha wamzike huku wanamcheka?"

"Na fundi aoze ndani?"

"Sikujua watamkamata! Nikaogopa kurudi nyuma." Machozi yakamshinda. "Na aliyemkatiza ni mimi. Nilimwambia, kaka, njoo upesi, yaonekana ni jambo kubwa."

"Nani alipiga?"

"Mtu aliyekosea namba."

Mama Kwanini akaitia pini mfukoni. Kisha akavuta simu ileile ya mezani, akapiga kituoni.

"Mfungulieni fundi. Na mumpe chai kwanza, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."