Mapezi Laini

Jumamosi duka la vifaa vya kuzamia lilikuwa limefurika, na daktari wa meno, ndani ya gauni lake la manjano, aliketi kwenye benchi akilazimisha mguu mtupu uingie kwenye pezi lenye mkanda wa nyuma.

"Hilo litakuchuna kisigino," sauti ya mwanamume ilisema juu yake. "Huvaliwa na kiatu cha mpira."

Alikuwa mhandisi wa madaraja, shati jeupe limekunjwa mikono, mapezi marefu magumu kwapani. Daktari akamuuliza kama ameajiriwa na duka au na kiherehere. Akajibu kwamba ni kiherehere, na kwamba mwajiri huyo humruhusu kwenda kunywa kahawa na wateja.

Kahawa ilizaa nyingine. Baada ya muda wakawa wanazamia pamoja kila wikiendi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji. Mhandisi alimfundisha teke la mkasi, miguu ikipishana juu na chini kutoka nyongani. Kisha la chura, ambalo miguu hutanuka, hufunga, halafu mtu hutulia akateleza. La chura ndilo linalofaa karibu na sakafu, kwa kuwa halisukumi maji chini na kutimua tope. Daktari lilimshinda. Magoti yalimkunjika kama anayekanyaga pedali, akabandikwa jina la Kapteni wa Baiskeli, na yeye mwenyewe akalicheka.

Hakucheka siku tope lilipotimka likameza kila kitu. Aligeuka huku na huku, mwenzake hayupo. Akapanda juu peke yake, moyo ukimdunda. Mhandisi alipoibuka mbali, akianza kulaumu lile tope, daktari hakumpa nafasi.

"Umeniacha kwenye mataa," alisema, "tena chini ya maji."

Akanuna. Mhandisi akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Hata hivyo, kila daktari alipotoka kazini alikwenda kwenye bwawa la kuogelea, akashika ukingo na kurudia teke la chura. Aliweza kumkosa mwanamume. Kushindwa na chura hakukubali.

Ndipo dada yake akampigia simu.

"Nimemwona shemeji dukani, ananunua mapezi mafupi laini, ya wanaoanza."

"Shemeji yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Nenda ukaone anamfundisha nani."

Daktari alifika machimboni asubuhi na maneno makali mdomoni. Mhandisi alikuwa peke yake juu ya jiwe, anavaa mapezi yale. Yalimkaa sawasawa.

"Ni ya mwanafunzi gani hayo?"

"Yangu. Kwa yale magumu, teke moja lilinifikisha mbali kabla hujamaliza lako. Nilisingizia tope, mpenzi, lakini nilikuwa nimeshatangulia."

Daktari alizoea kuamini ushahidi, na ushahidi ulikuwa miguuni pa mhandisi.

"Tope lilikuwa langu kweli," akasema. "Twende nikuonyeshe."

Wakazama. Alitanua miguu, akafunga, akateleza. Kila alipogeuza shingo, mhandisi alikuwepo, bega kwa bega. Nyuma yao maji yalikuwa maangavu, kokoto zote zinaonekana.

Walipoibuka, daktari alimshika mkono.

"Asante."

"Kwa kununua mapezi?"

"Kwa kunisubiri."

Mhandisi alipangusa maji usoni.

"Mwendo huu utauweza maisha yote? Nakuomba tuoane."

"Nitauweza," alisema daktari. "Ila yale magumu uyauze."

"Niliyauza kabla hujaja."