Masinia ya Mlango wa Uani

Kila siku baada ya sala ya alasiri Mejumaa aliosha vikombe, akakunja mkeka, kisha akapanda ngazi kwenda kuitazama kompyuta ya Ami Kamaludin. Mwaka huo wa 1996 hapakuwa na nyumba nyingine katika kichochoro chao cha Mji wa Kale iliyokuwa nayo. Ami, karani wa bandarini, aliinunua ofisini kwao ilipochakaa, na kila jioni aliifunika kwa kitambaa kilichotariziwa kama mtoto mchanga.

Alhamisi hiyo palikuwa na kazi. Harusi ya shangazi yake Mejumaa ilikuwa imebakiza siku nane, naye Bi Nunu, aliyealika watu kwenye harusi za mtaa kwa miaka thelathini bila kuandika jina hata moja, alikuwa amevimba miguu, hawezi kuzunguka. Basi aliketi akataja, Mejumaa akachapa.

"Nyumba ya Abdulhalim. Watu tisa. Sinia moja la biriani, mlango wa mbele." Akapumua. "Nyumba ya mamake Sidi. Baba hayupo. Watoto watano." Hapo alishusha sauti. "Masinia mawili, mlango wa uani. Asubuhi mapema, yafunikwe."

Mejumaa akachapa yote. Sidi alikuwa rafiki yake wa dawati moja, na hakuona ajabu yoyote. Si wanawake wote hupita uani?

Walipofika nyumba ya sitini na nne, ya mwisho, Ami alibonyeza vitufe viwili vitatu, majina yakajipanga upya mbele ya macho yao.

"Zenye watoto wengi?" Mejumaa aliuliza. Zikaja. "Za uani?" Zikaja saba.

Bi Nunu akashika shavu. "Lahaula! Mimi hukesha nikikumbuka, na hii haikuvuta hata pumzi!"

Mashine ya kuchapisha ikakereza, ikatema karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Mejumaa alilala akiiota. Kesho yake aliichukua shuleni bila kumwambia mtu.

Wanafunzi wakamzunguka. Lewis, mkali wa hesabu wa darasa la saba, akapitisha kidole kwenye safu.

"Ngojeni kwanza. Hawa saba wa uani wana masinia mawili mawili. Wengine wote moja. Na hawa saba baba hayupo. Tena watoto ni wengi." Akainua macho yakimng'aa, kama aliyepata jibu la swali gumu. "Hawa ndio wasio na chakula!"

Wote walipigwa na butwaa, na Mejumaa kuliko wote. Neno hilo yeye hakulichapa. Hata Bi Nunu hakulitamka. Lilitoka wapi?

"Sidi!" Gunga, mmoja wao, akapaza sauti. "Kumbe kwenu mnangoja sinia?"

Sidi alichukua mkoba wake, akatoka.

Jioni Mejumaa alibisha mlango wao. Sidi alifungua upenyo tu.

"Mama anasema hayo masinia yasije. Yakija atayarudisha. Na harusini hatuji."

"Lakini Sidi, wadogo zako…"

"Watakunywa uji." Mlango ukafungwa.

Mejumaa alikwenda moja kwa moja kwa Bi Nunu, akaeleza yote huku analia. Bi Nunu hakumkemea. Alinyoosha mkono.

"Karatasi iko wapi?"

"Hii hapa. Nitaichana."

"Ichane. Lakini darasa zima utalichana vipi? Niitie ami yako."

Ami alikuja. Akaamrishwa aifute orodha kwenye kompyuta, akapanda juu, akafuta, akarudi.

"Imesahau?" Bi Nunu aliuliza.

"Imesahau, Bi Nunu."

"Kabisa?"

Ami alikuna kichwa. Polepole akatoa mfukoni diski nyeusi, nyembamba. "Kuna nakala hapa. Mwenye duka moja la vitambaa aliiomba, apate kuwapelekea watu matangazo."

"Nyumba sitini na nne ndani ya kitu hicho? Hakifiki hata ukubwa wa kipande cha mkate wa boflo!" Bi Nunu aliitazama diski kama anayetazama nyoka mzuri. Ami akaivunja vipande viwili.

"Sasa sikizeni. Masinia yote yatapita uani. Ya kila nyumba, mapema, mawili mawili. Kwa Abdulhalim la pili litakuwa la mahamri. Kwa wale saba, yote ni biriani. Juu yake ni kawa za kufunikia, na kawa hazisemi."

Siku ya harusi watoto wa nyumba ya harusi walitoka alfajiri na masinia vichwani. Mejumaa alibisha uani kwa kina Lewis.

"Hata sisi mawili?" Lewis alishangaa.

"Hata ninyi. Hata Abdulhalim."

Lewis alihesabu kwa vidole. "Basi nilikosea."

Mejumaa akashika njia. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Sidi.

"Nisamehe, Sidi," alisema mlangoni. "Halikuwa jambo langu la kuonyesha watu."

Mlango ulifunguka kidogo, kisha wote. Sidi akachungulia kichochoroni. Kila mlango wa uani ulikuwa na mtoto na kawa zake.

Sauti ya mamake ikatoka ndani. "Mpokee mwenzako, yuaelemewa! Kisha kavae, tusichelewe harusini."

Usiku wa harusi Mejumaa alikaa miguuni pa Bi Nunu.

"Bi Nunu, wewe pia wayajua yote yale."

"Nayajua. Lakini kila nyumba ilinipa lake, kwa kazi moja tu, nami sikumwekea mtu mbele ayatazame yote pamoja. Mashine yenu ni ya ajabu, siikatai. Vijambo vidogo ukivikusanya, vinasema kubwa ambalo hakuna aliyelisema. Basi la mtu usiliandike kabla hujamwuliza, na kazi yake ikiisha, lifute."

Mejumaa alikitazama kichwa kile cha mvi chini ya leso, kilichobeba nyumba zote za mtaa, kila moja na mlango wake umefungwa. Akaona ajabu kubwa kuliko ya siku ile ya kompyuta.