Ujumbe kwa Biasha Mdogo

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la vitumbua, Bibi Biasha huangalia simu. Hata maji ya chai husubiri. Majirani zake wa mtaa wa Picha ya Ndege humtania kwamba amepata mchumba.

"Ninaye," huwajibu. "Yuko Uskoti."

Anamsema mjukuu wake. Huyo naye anaitwa Biasha, maana Latifu, mwana wa bibi, alimpa bintiye jina la mama yake, kama ilivyo desturi yao. Kwa hiyo wawili hao hawakuitana bibi na mjukuu. Waliitana somo, kama waitanavyo watu wa jina moja. Waliishi pamoja Kisarawe mpaka Latifu alipofariki. Kisha mama wa mtoto akapata kazi ya uuguzi Uskoti, akaondoka na mwanawe angali mdogo. Sasa Biasha mdogo ni msichana mkubwa. Kiswahili kimempotea, lakini ana simu yake mwenyewe, na mama yake ametuma namba.

Bibi hakutaka kumwomba mtu amwandikie ujumbe. Alijiunga na darasa la Kiingereza la watu wazima, akabanana kwenye dawati na wauza mitumba, akasoma. Alipojiona yuko tayari, aliandika ujumbe, akautuma. Wiki zikapita. Kimya. Alimkumbuka yule mtoto mpaka chakula kikamshinda.

"Labda hanitaki tena," alijisemea, na moyo ukamuuma sana.

Asubuhi moja mwalimu wake, Nuria, alikuja kununua vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Nimekosea wapi?"

Nuria akaipokea simu. Ujumbe ulianza hivi: "To whom it may concern."

"Bibi, maneno haya umeyatoa wapi?"

Bibi akaingia ndani, akatoka na barua iliyotiwa kwenye fremu. Kiwanda kimoja kilimpa Latifu barua hiyo alipoacha kazi, ili imsaidie kupata kazi nyingine. Ilianza kwa maneno yale yale.

"Sina barua nyingine ya Kiingereza," bibi alisema. "Hii inamsifu mwanangu. Nikaona hakuna maneno ya heshima kuliko haya."

Nuria akavuta kigoda, akaketi.

"Ni ya heshima kweli, bibi. Ila yana mahali pake. Maana yake ni 'kwa yeyote anayehusika'. Kiwanda hakikujua nani ataisoma barua ya Latifu. Ndiyo maana kikaandika hivyo. Maneno haya ni ya barua za kiofisi, kwa msomaji usiyemjua."

"Nisiyemjua?"

"Ndiyo. Unayemjua unamtaja jina. Unaandika 'Dear', yaani 'mpendwa', halafu jina lake. Biasha ameona namba ngeni, na jina lake halimo. Huenda amedhani ni matapeli."

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nisimjue? Mimi niliyekuwa nikimtoa ulimbo wa fenesi vidoleni kwa mafuta ya nazi, huku analia anataka kipande kingine?"

"Basi mwandikie hayo hayo."

"Na jina? Mimi simwiti Biasha. Namwita Somo."

"Andika Somo. Hakuna mwingine duniani anayemwita hivyo."

Bibi akaandika polepole, "Dear Somo". Akaandika habari za Kisarawe, mfenesi wa uani, ulimbo na mafuta ya nazi. Nuria alimsaidia neno moja tu, jina la fenesi kwa Kiingereza.

Kesho yake simu ikalia vitumbua vikiwa jikoni. Bibi akausoma ujumbe mwenyewe, kidole kikifuata kila neno. Ulianza, "Dear Somo". Biasha mdogo alisema ule wa kwanza aliufuta, akidhani umepotea njia. Kisha alisema kwamba kila anapopaka nywele mafuta ya nazi hukumbuka mikono ya mtu, na siku zote hakujua ni mikono ya nani.

Bibi akausoma tena, na tena.

"Bibi, vitumbua vinaungua!" mteja alipiga kelele.

"Viache viungue," alijibu huku machozi yakimtoka. "Somo yangu ameniandikia. Leo mtakula hivyo hivyo."